Vichakataji Viwili na Nyumba ya Paa la Kijani

Oddbjørn alivipa vichakataji vile, vipande vidogo vinavyofanya hesabu zote za kompyuta, majina ya shangazi zake wawili, Tomine na Gesine.

"Walifanana kama hivi," alisema, akiviweka mezani kila kimoja kwenye kiboksi chake. "Mchungaji mwenyewe alikuwa anawachanganya. Tofauti yao uliiona siku ya wageni tu. Tomine mwepesi, ukikohoa tu ameshafika jikoni. Gesine hana mbio kiasi hicho, lakini hasahau. Nyumba ijae watu, yeye anajua nani anakunywa kahawa kwa maziwa na nani tumbo lake halitaki."

Nilicheka, lakini mfano ule ulinisaidia kuliko maelezo yote niliyokuwa nimesoma. Vichakataji vyote viwili vilitoka kiwanda kimoja. Kila kimoja kilikuwa na viini vinane vya kufanyia hesabu, na bei zao zilikaribiana mno kutuamulia. Tomine alikuwa na kasi zaidi kidogo. Gesine alikuwa na akiba kubwa ya kumbukumbu ndani yake mwenyewe, karibu kabisa na viini, kwa hiyo hakulazimika kila mara kutuma mtu ghalani kumletea kitu. Tuliulizwa jambo moja: kwenye michezo, nani bora?

Iliyouliza ilikuwa kamati ya nyumba yetu ya maombi. Nyumba hiyo, hapa Lista kusini mwa Norway, ina ukumbi chini ya ardhi, na kila mwaka baridi inapokaribia kuisha vijana hushuka humo Ijumaa na mablanketi yao. Hucheza michezo ya kompyuta pamoja hadi Jumapili mchana, wakisimama kwa chakula na kwa neno la Mungu. Kompyuta zilizokuwamo zilikuwa zimechoka. Duka la mjini lilikubali kutuazima vichakataji viwili tuvipime kabla ya kununua. Kazi akapewa Oddbjørn, fundi mstaafu wa injini za feri, nami nikaongezwa.

Niliongezwa kwa sababu tulisoma pamoja. Nilipika kwenye jiko la shule karibu maisha yangu yote, na nilikuwa nimeshapita hamsini na tano nilipojiandikisha madarasa ya jioni ya kompyuta. Oddbjørn alikaa dawati la pembeni. Yeye alikuja kujua kompyuta inafanyaje kazi ndani. Mimi nilikuja kwa sababu nilikuwa na binti, Tiril, aliyekuwa akiishi zaidi ndani ya mchezo mmoja kuliko jikoni kwangu, na nilitaka kujua anaishi wapi.

Kulinganisha vichakataji ni kazi ya uvumilivu, na inafanana na kuoka mikate miwili ya majaribio. Unabadilisha kitu kimoja tu, na kila kingine kinabaki vilevile. Kadi ya picha ni ileile, kumbukumbu ni ileile, madirisha yamefungwa ili joto la chumba lisibadilike. Unacheza sehemu ileile ya mchezo, kwa njia ileile, mara tatu, huku programu ndogo ikihesabu picha ngapi kompyuta inatoa kila sekunde. Halafu unazima, unang'oa feni, unafuta ile krimu ya kupitisha joto, unatoa kichakataji, unaweka kingine, na unaanza upya.

Kila nilipokishusha kichakataji mahali pake niliomba kimyakimya. Kitu chenyewe ni kidogo kama biskuti, na ukikiweka vibaya umeharibu. Oddbjørn alizoea kuona midomo yangu ikitikisika.

"Umemaliza?" alikuwa akiuliza.

"Amina."

"Basi bonyeza, dada. Bwana ameshasikia, na mimi kahawa inapoa."

Alikuwa na kanuni zake, nazo zilikuwa kali. Sauti izimwe. Dirisha la maongezi, wachezaji wanapoandikiana, lifichwe. Majina ya wachezaji yanayoelea juu ya vichwa yafichwe pia, kwa sababu kuyachora kunailemea kompyuta. Macho ya mhusika yatazame mbele, yasigeuke nyuma kamwe. Kipimo kikianza hakuna kusimama, na kikiisha unatoka kwenye mchezo papo hapo. "Ukigeuza shingo mara moja tu," alisema, "tumelinganisha shingo, hatujalinganisha shangazi."

Tulichagua michezo mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa mbio za magari, wa pili wa vita, na hiyo miwili alichagua yeye. Wa tatu niliuomba mimi.

"Huo hapana," alisema. "Huo ni wa mtandaoni. Soko lake leo limejaa, kesho tupu. Utapimaje kitu kinachobadilika?"

"Vijana ndio wanaoucheza. Na palipojaa watu ndipo kichakataji kinapotoa jasho."

"Hilo kweli." Alikuna kidevu. "Lakini si kipimo. Ni matembezi."

"Basi tutembee," nilisema.

Akaniangalia, akauongeza kwenye orodha.

Sikumwambia lililobaki. Katika mchezo ule kuna mji mlimani wenye lango la daraja, soko, na kichochoro cha nyumba kinachopanda hadi mnara wa kengele. Katikati ya kichochoro kuna nyumba ya paa la kijani, na nyumba ile ni ya Tiril. Aliijenga akiwa shule ya sekondari, mimi nikiwa nimekaa nyuma yake nafuma soksi. Alinitengenezea na mimi mhusika, kikongwe mfupi mwenye kofia nyekundu ya sufu, akanifundisha kutembea kwa vidole viwili. Reidar, mume wangu, alikuwa akipita mlangoni na kusema, "Wanawake wa nyumba hii wamehamia wapi tena?"

Reidar alipofariki, Tiril alirudi Trondheim, mji wa mbali kaskazini alikokuwa akiishi, siku mbili baada ya mazishi. Nilimpigia simu. Kila simu iliisha nikimuuliza anakuja lini, na kila mara sauti yangu ilikatika kabla sijamaliza. Mwishowe akasema, kwa upole kabisa, "Mama, usinitafute kwa sasa. Kila ukipiga nakuwa mtoto tena, nashindwa kuamka kesho yake. Nikiwa tayari nitakutafuta mwenyewe."

Nikamwahidi. Krismasi ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, nami sikupiga. Alituma kadi yenye jina lake tu. Niliiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi.

Lakini mchezo ule una sheria moja: mwenye nyumba akipotea muda mrefu bila kuingia, nyumba inabomolewa na kiwanja anapewa mwingine. Nyumba ya paa la kijani ilikuwa bado imesimama. Kwa hiyo Tiril alikuwa akiingia. Sikujua siku wala saa. Nilijua tu kwamba mkono wake umegusa mlango ule siku za karibuni.

Kompyuta yangu ya nyumbani haiwezi mchezo ule tena. Ya ukumbini iliweza. Na kupita mbele ya nyumba si kumtafuta mtu, nilijiambia. Mtu hupita njia. Nilimuuliza Mungu kama nakosea, na sikusikia kukatazwa.

Basi nikawa nakimbia. Kutoka lango la daraja, kupitia soko, kupanda kichochoro, kuipita nyumba ya paa la kijani, hadi mnarani, natoka. Mara tatu na Tomine. Jioni iliyofuata mara tatu na Gesine. Halafu tena Tomine, kwa sababu nilimwambia Oddbjørn kwamba namba za mji zinayumba na zinahitaji kurudiwa. Hakubisha. Niliona nyumba ikija upande wa kushoto, taa ya dirishani ikiwaka, chungu cha maua mlangoni, kisha ilinipita, nami sikugeuka. Ni muda mfupi sana. Mtu anaweza kuusubiri siku nzima.

Wiki ya pili Asbjørg, mwenyekiti wa kamati, alishuka ngazi na sahani ya wafuli, maandazi bapa ya kuoka kwenye chuma, na jibini la kahawia.

"Haya, wanasayansi," alisema. "Kamati inauliza mmefika wapi. Wengine wanauliza kama mnapima kompyuta au mnapimana."

"Tungekuwa tunapimana, Asbjørg, tungeshamaliza," Oddbjørn alijibu. "Huyu haniangalii mimi. Anaangalia paa."

Nilishtuka. Lakini alikuwa ameshageuka kuchukua wafuli, na Asbjørg alicheka tu, akasema anataka jibu kabla ya Jumapili.

Alipoondoka, Oddbjørn alinigeuzia skrini yake. Alikuwa amechora mbio zangu zote kama grafu, mstari wa Tomine juu ya mstari wa Gesine. Kwenye mbio za magari mistari ilikwenda pamoja kama reli. Kwenye vita Gesine alikuwa juu kidogo tu, tofauti ambayo jicho la mtu haliwezi kuiona. Lakini mjini, mahali pamoja, mstari wa Tomine ulianguka. Ulishuka ghafla kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo, ukainuka, ukashuka tena, hadi mwisho wa njia.

"Ni sokoni?" niliuliza. "Penye watu?"

"Ndiyo maana nakuonyesha. Sokoni anapungua, lakini anapungua vizuri. Hapa ni baada ya soko. Kichochoroni. Hapo penye ile nyumba ya kijani na kuendelea. Kila mbio yake, kila jioni, anajikwaa papo hapo. Na Gesine?" Aliweka ukucha wake mnene kwenye skrini. "Gesine amekwaruzwa kidogo tu, palepale. Usingemwangalia kwa makini usingejua."

"Labda krimu niliipaka vibaya. Labda anapata joto."

"Nimeangalia joto. Yuko baridi kama bibi harusi. Labda ni mbovu. Tukimrudisha dukani na kusema ni mbovu, tuwe na hakika." Alikunja mikono. "Mbele yako pale kuna nini?"

"Hakuna kitu. Njia tu. Na mnara."

"Basi kiko nyuma."

"Nyuma hakuchorwi, Oddbjørn. Ulifundisha wewe."

"Kadi ya picha haikichori. Lakini kichakataji lazima kikihesabu hata kama hukioni. Nani anatembea, nini kinaruka, nini kinaanguka wapi. Kiko mgongoni kwako na kizito. Gesine anakibeba, Tomine anajikwaa." Alivuta kiti hadi kompyuta ya pili, ile ya zamani. "Nitaingia na mhusika wangu nisimame kando ya kisima cha kichochoroni. Wewe kimbia kama kawaida. Kama ni kichwa changu kibovu, tutajua."

Mhusika wake alikuwa mtu wa mifupa mikubwa mwenye shoka. Nilimwona amesimama kando ya kisima nilipoingia kichochoroni, nikampita. Kushoto ilikuja taa ya dirishani, chungu cha maua, mlango. Vikapita.

"Lo!" alisema Oddbjørn. "Lo, lo. Dada, simama."

"Kipimo hakijaisha."

"Simama, nakwambia! Ametoka mtu ndani ya nyumba."

Vidole vyangu viliendelea. Nilikuwa nimezizoea mbio zile kama nilivyozoea kukoroga uji.

"Anakufuata. Torgunn, kuna binti anakufuata na fataki! Anarusha fataki juu ya kichwa chako, nyekundu, kijani, anaruka ruka kama mwehu. Ana ndoo kichwani badala ya kofia. Geuka basi, mwanamke wa Mungu, geuka!"

Nilifika mnarani. Mkono wangu, bila kuniuliza, ulifanya ulichofundishwa kufanya kipimo kikiisha. Nikatoka kwenye mchezo. Skrini ikawa nyeusi.

Oddbjørn aliniangalia, kisha akaangalia skrini yake.

"Amesimama," alisema polepole. "Yuko pale ulipopotelea. Amesimama tu." Kisha akasema, "Ameandika kitu. Ameandika, 'Haya, Mama.' Sasa ametoka."

Ndoo ile naijua. Tiril alikuwa akimvika mhusika wake ndoo kila tulipogombana kidogo nyumbani, ili nicheke.

Nilimweleza Oddbjørn yote, palepale, mikono yangu ikiwa juu ya meza. Simu, ahadi, kadi, sheria ya nyumba. Hakuniuliza kwa nini nilimficha. Alikwenda kuchota kahawa, akanimiminia, akakaa.

"Kwa hiyo kila jioni alikuja," alisema. "Hata siku ya Gesine."

"Mara zote alikuwa nyuma yangu. Ananipigia fataki, nami nimezima sauti. Akiniandikia, nimeficha dirisha. Akinifuata hadi mwisho, napotea."

"Kanuni ni zangu."

"Miguu ilikuwa yangu."

"Ingia sasa hivi basi. Mtafute."

Hapo ndipo ugumu wangu ulipokuwa, nami sijui kama nilimweleza vizuri. Nilikuwa nimetoa ahadi. Kupita mbele ya mlango nilijiruhusu. Kusimama mlangoni ni jambo jingine. Niliogopa kwamba nikisimama, nitauliza. Ninajijua. Nitauliza unakuja lini, na sauti itakatika hata kwenye maandishi, naye atapotea tena, safari hii pamoja na nyumba yake.

"Aliniambia nisimtafute," nilisema.

"Alikuambia atakutafuta mwenyewe. Si ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo."

"Basi ameshakutafuta, dada. Amekutafuta wiki nzima na fataki. Wewe ndiye unayemkimbia."

Sikulala vizuri. Nilipiga magoti kando ya kitanda upande wa Reidar, kama ninavyofanya jambo likinizidi. Sikuomba Tiril arudi nyumbani. Maombi hayo nimeyaomba hadi yamechakaa. Niliomba kufungiwa mdomo.

Jumatano tulimweka Tomine. Oddbjørn alirudisha sauti, akafungua dirisha la maongezi, akarudisha majina juu ya vichwa. Niliingia mjini na kelele yake yote: wauza mikate wakipiga kelele, mtu akipiga kinubi vibaya, kengele. Sikuwa nimejua kwamba mji ule una sauti ya maji. Nilitembea, sikukimbia, hadi nyumba ya paa la kijani. Kikongwe wangu akasimama mbele ya mlango na kofia yake nyekundu.

Hakuja mtu.

Oddbjørn alikuwa akisoma kitabu cha maelezo ya ubao mama, ule unaoshikilia vipande vyote vya kompyuta, kana kwamba kina utamu. Kila alipofunua ukurasa alinitupia jicho. Watu walipita, wengine wakanipungia mkono kama mchezo unavyoruhusu. Kila sauti ya hatua ilinifanya niangalie. Mtu mmoja mwenye jina la kipuuzi aliuliza kama nauza chochote. Nikajibu hapana, nasubiri.

Alhamisi pia hakuja. Taa ya dirishani iliwaka, lakini taa ile huwaka yenyewe. Nilimfikiria akiwa huko Trondheim, kwenye chumba nisichokijua, akiniona nimepita mara zote zile bila hata kugeuza shingo. Nilimfikiria akisema moyoni, basi, mama ameshika neno langu. Na mimi nilikuwa nimelishika neno lake kweli. Nililishika hadi nikampita.

Ijumaa Asbjørg alituma ujumbe: kamati inakaa kesho asubuhi, jibu liko wapi. Oddbjørn alisema twende na Gesine, namba zinatosha, na duka linataka Tomine arudishwe. Alianza kufungua feni.

"Ngoja," nilisema. "Kimoja cha mwisho."

"Hatuhitaji kipimo kingine."

"Najua."

Akairudisha feni, akakaza, akawasha. Nje mvua ya theluji ilikuwa ikipiga dirisha dogo la juu, lile linalotazama usawa wa nyasi. Niliingia. Nilipita sokoni kwanza, nikauliza kwa maandishi wapi wanauza fataki, na mtoto wa mtu fulani, maana aliandika kama mtoto, akanielekeza kibanda kwa makosa mengi na adabu nyingi. Nilinunua moja. Ilinichukua muda kujua inawashwaje, na Oddbjørn hakuwa wa msaada. "Fataki si kifaa," alisema. "Mimi napima vifaa."

Niliiwasha mbele ya mlango wa Tiril. Ikaruka kando, ikagonga paa la jirani, ikapasuka njano. Kwenye kona ya skrini namba za Tomine zilianguka na kuinuka.

Halafu mlango ukafunguka.

Ndoo ilitoka kwanza. Juu yake liliandikwa jina, lilelile alilolitumia tangu shule.

Alisimama. Nami nikasimama. Kwenye dirisha la maongezi mtu wa sokoni alikuwa akitangaza ngozi za sungura.

"Umejifunza kurusha," akaandika.

Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Ninaandika polepole hata nikiwa mtulivu. "Hapana. Nilikuwa nalenga juu."

"Hahaha. Mbona hukusimama, Mama? Nilikufuata hadi mnarani, zaidi ya mara moja."

"Sikukuona. Nilikuwa napima vichakataji. Ukipima huruhusiwi kugeuka. Oddbjørn alizima sauti na maneno."

Nilimsikia Oddbjørn akisogeza kiti nyuma yangu.

"Ngoja kwanza," akaandika Tiril. "Nililia siku mbili kwa sababu ya KIPIMO?"

"Nisamehe."

"Mama. Hakuna anayepima humu. Watu hawalingani siku mbili mfululizo. Kipimo kinafanywa kwenye mchezo wa peke yako, kuanzia hatua uliyoihifadhi."

"Hata Oddbjørn alisema hivyo."

"Sasa mbona mlipima humu?"

Nilitazama swali lile. Jibu la kweli lilikuwa fupi. Nilijua likitoka, lile jingine litatoka nyuma yake, lini, lini, lini, na vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya herufi. Nilifumba macho kidogo.

"Ili nipite hapa," nikaandika, nikaondoa mikono kwenye kibodi, nikaikalia.

Ndoo ilisogea hatua moja, ikarudi. Kisha mhusika wake akaja akasimama ubavuni mwa kikongwe wangu, wote tukitazama kichochoroni, kama watu wanaongoja basi.

"Sijasema nakuja nyumbani," akaandika.

Niliitoa mikono. "Sijauliza."

"Najua. Nimeona." Kisha: "Asante."

Tulibaki hivyo. Ilianza kunyesha mjini mle, na matone yalipiga ndoo yake kwa sauti ya bati. Nilitaka kumwambia kwamba kuna baridi Lista, kwamba kiti cha baba yake sijakihamisha, kwamba nimefuma soksi nyingi kuliko miguu niliyonayo. Sikuandika hata moja.

"Haya niambie," akaandika. "Vichakataji gani? Kompyuta yangu inakufa, feni inalia kama trekta."

Nikamwambia. Vinane kwa vinane, kasi kwa kumbukumbu, mbio za magari sawa, vita karibu sawa, mjini tofauti kubwa. Nilimweleza habari ya shangazi. Nilimweleza mahali mstari ulipoanguka. Ni maandishi marefu kuliko yote niliyowahi kumwandikia.

"Kwa hiyo ninunue Gesine?"

"Kama utakaa sana mjini, Gesine. Kama ni magari tu, usipoteze pesa, Tomine anakutosha."

"Nitakaa mjini," akaandika. Halafu: "Sijawahi kufunga kichakataji peke yangu. Naogopa kukunja zile pini zake ndogo. Kikifika unaweza kunielekeza? Nitaweka simu juu ya meza, uangalie mikono tu. Mikono tu, Mama. Si uso bado."

Nyuma yangu Oddbjørn alipuliza pua kwa kishindo, akainuka, akaenda kupanga waya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mikono inatosha," nikaandika. "Usikibonyeze. Unakiweka tu, kinajishusha chenyewe."

"Ukiwa unakishusha wewe unafanyaje ili usitetemeke?"

"Naomba."

Mvua ya mji iliendelea kupiga ile ndoo.

"Basi utaniombea nikiwa nakiweka," akaandika Tiril. "Ila kwa sauti ya chini."